Mgeni Akifukuzwa, Mshahara Haupandi

Mara nyingi husemwa: “Wageni wanatunyang’anya kazi, waondoke, nasi tutalipwa vizuri.” Sisi wa Likasi tuliona shauri hilo likijaribiwa. Basi, tulipime.

Zamani Katanga ilikuwa na watu wachache. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitafuta wafanyakazi Rodesia ya Kaskazini, Rwanda-Urundi na Kasai. Mwaka 1928 reli ilituunganisha na Kasai. Mikataba ya miaka mitatu ikawa desturi, na mwanamume akaja na mkewe. Watoto wakazaliwa kambini; wengi wao hawakuiona Kasai kamwe.

Mwaka 1992 watu hao wakafukuzwa. Maelfu walilala penye stesheni ya Likasi wakingojea gari la moshi, na wengine walifia hapo.

Je, waliobaki walitajirika? Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwaka 1993 haikufikisha 50,000. Hatusemi kwamba ni kufukuza tu kulikoleta hasara hiyo: mgodi wa Kamoto ulikuwa umekwisha poromoka mwaka 1990. Lakini kati ya walioondoka walikuwamo mafundi, makarani na walimu. Nafasi zao zilipatikana. Mishahara ikakaa miezi bila kulipwa.

Mafiga ni matatu. Ukiondoa moja, chungu humwagika, wala mwenye njaa hashibi. Kibarua humhitaji fundi, na fundi kibarua. Tukitaka mshahara wa haki, tuudai pamoja kwa anayelipa, tusiutafute mlangoni pa jirani.