Robo Eka Nyuma ya Nyumba

Watu wa Muriba na Nyamwaga walimwita Bwana Shamba, basi. Alitoka Chuo cha Kilimo Ukiriguru akiwa kijana, akapangiwa Tarime, baadaye Serengeti, akaitumikia kazi hiyo mpaka kustaafu. Taarifa zake za kila mwezi zilidai ekari za kahawa na mahindi. Mboga hazikuwa na safu. Lakini akifika kwenye mji wa mtu, baba akishamaliza habari za kahawa, mama mwenye nyumba humvuta pembeni amuulize kwa nini kabichi zake hazifungi. Kwa maswali hayo ya pembeni alikuja kuipenda bustani ya nyumbani kuliko zao jingine lolote.

Nyanda za juu za Tarime zinafika kati ya mita 1,500 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi huuma, na umande hukaa kwenye majani mpaka saa tatu au saa nne asubuhi. Kabichi, karoti na sukuma wiki hufurahia hali hiyo. Kabichi hufunga vizuri zaidi kwenye nyuzijoto 15 hadi 20. Ila baridi hula siku. Miche ambayo Musoma, kando ya ziwa, huwa tayari kwa wiki nne, Muriba huweza kudai wiki sita. Anayefuata kalenda ya Musoma milimani hujikuta anahamisha miche wakati mvua inaaga.

Kwa hiyo alianza kupanga kwenye chungu, akarudi nyuma hadi kwenye mbegu. Nyumba ya watu tisa inakula kabichi ngapi kwa wiki? Tatu, mama mmoja alimjibu, na sukuma wiki siku zinazobaki. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, kipande cha mita 10 kwa 10 hubeba miche zaidi ya 350, nayo hukomaa karibu kwa pamoja. Nani atazila? Walikubaliana kupanda 12 kila baada ya wiki mbili: sita za nyumbani, nyingine za kuuza Sirari mpakani au za kufidia zitakazoliwa na wadudu. Hesabu hiyo ndogo, kwa imani yake, iliwasaidia watu kuliko dawa yoyote aliyowahi kubeba kwenye pikipiki.

Kitalu alikifundisha kwa mikono. Tuta lina upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Mistari huachana sentimita 15, mbegu huzama sentimita moja, juu hutandazwa nyasi kavu. Kila asubuhi mtu huinua nyasi achungulie. Miche ikianza kuchomoza, nyasi hutolewa siku hiyohiyo na kichanja chepesi husimamishwa juu yake. Ukichelewa siku mbili tu, unapata miche myembamba yenye shingo ndefu, ambayo haitasimama tena vizuri. Na mche uliohamishwa ukikutwa umekatwa usawa wa ardhi, fukua taratibu kwa kidole palepale. Sota, kiwavi mkata miche, yumo, amejikunja chini ya udongo.

Mbolea haikuwa shida kwa Wakurya wafugaji, zizi lipo. Shida ni haraka. Samadi mbichi huunguza mizizi, basi alisisitiza irundikwe, ifunikwe kwa majani ya migomba, na fimbo ichomekwe hadi katikati. Fimbo ikitoka ya moto, lundo bado.

Nyanya ndizo zilizomsumbua milimani. Ubaridi na majani yanayolala na maji hualika bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Aliwasihi watu wapande kwa nafasi pana, wasimike miti, waondoe majani ya chini, na maji wamwagie shinani.

Ukivuka Mto Mara kwenda Mugumu, wilayani Serengeti, baridi inapungua na adui anabadilika. Vijijini karibu na hifadhi ya Serengeti, tembo humaliza kazi ya msimu kwa usiku mmoja. Huko alisaidia kufunga kamba za katani zenye vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu, na alifuatilia kwa hamu habari za Sagalla, Kenya, ambako wakulima huzungushia mashamba mizinga ya nyuki.

Sasa ana robo eka yake nyuma ya nyumba, kitalu kikiwa karibu na maji na jikoni. Mpango wa msimu ujao umekwisha kuandikwa: nyanya zitafuata maharage, mbali na tuta lililokuwa na viazi mviringo, maana magonjwa yao ni mamoja, vitunguu vitachukua mahali pa kabichi, na mnavu na mgagani, ambavyo wajukuu wanavigombania, vimeongezewa matuta mawili.