Linux ni Chama, na Kuna Wanaokula Zamu Kisha Wanazima Simu

Kama umewahi kuachana na simu yenye skrini nzima na betri nzuri, eti kwa sababu haipati tena masasisho, hii stori ya leseni inakuhusu. Si mambo ya wanaokesha mbele ya kompyuta pekee.

Iko hivi. Ndani ya kila simu ya Android kuna keneli ya Linux, ile sehemu ya ndani kabisa inayoongea na kamera, waifai na chipu. Linus Torvalds aliianza 1991, na tangu 1992 iko chini ya leseni ya GPL. Masharti yake si magumu: chukua bure, tumia, badilisha, hata uza. Lakini ukimpa mtu nakala, mpe pia msimbo wake, pamoja na ulichobadilisha, kwa leseni ile ile.

Hicho ni chama, bana. Huwezi kupokea zamu yako mwezi huu, halafu zamu ya mwenzako ikifika simu yako iko mteja.

Sasa kuna kampuni zinafanya hivyo. Njia yao ni draiva iliyofungwa: wanaipachika kwenye keneli lakini msimbo wake wanauficha, wakisema draiva ni mali yao, si sehemu ya Linux. Waandishi wengi wa keneli hawaikubali hoja hiyo. Wametenga baadhi ya vipengele visitumiwe na draiva isiyo ya GPL, na ukiingiza draiva ya kufungwa, keneli inajiwekea alama kwamba imechafuliwa. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Ufini, Torvalds aliionyesha NVIDIA kidole cha kati mbele ya kamera. NVIDIA ilikuja kufungua draiva za keneli za kadi zake mpya mwaka 2022. Miaka 10, jameni!

Utaniuliza, kwani kampuni haina haki ya siri ya biashara? Iko nayo. Lakini hakuna aliyeilazimisha kutumia Linux. Ikitaka siri, iandike keneli yake kuanzia mstari wa kwanza na ilipe wahandisi wake.

Tunaoumia ni sisi. Draiva iliyofungwa imeshonewa toleo moja la keneli. Mwenye chipu akichoka nayo, hata fundi mkali wa Luthuli Avenue hana msimbo wa kuisogeza mbele. Simu ya mamangu ilikwama hivyo. Programu ya benki ikakataa kufunguka eti Android ni ya zamani, na hesabu zake zote za kibanda cha mboga ziko kwa simu. Niliwaandikia waliotengeneza barua pepe mbili nikiomba msimbo wa keneli. Walinijibu nijaribu kuizima na kuiwasha tena. Tulinunua nyingine, na hiyo pesa ilikuwa ya stoki.

Linganisha na ruta ya Linksys WRT54G. Mwaka 2003 watu waligundua ndani yake kuna Linux, wakadai haki yao, msimbo ukatolewa. Kutoka hapo ikazaliwa OpenWrt, ambayo hadi leo inafufua ruta ambazo wenyewe walishazisahau.

Kortini si rahisi. Christoph Hellwig, mmoja wa waandishi wa keneli, aliishtaki VMware nchini Ujerumani mwaka 2015. Mwaka uliofuata alishindwa, kwa kuwa hakuthibitisha vya kutosha sehemu zipi alizoandika yeye. Swali lenyewe la leseni halikuamuliwa.

Lakini kuomba hakuhitaji wakili. GPL ya Linux inasema kama msimbo haukuja pamoja na kifaa, lazima kuwe na ahadi ya maandishi ya kuutoa kwa yeyote anayeuomba, kwa muda usiopungua miaka 3. Ingia kwa mipangilio ya simu yako, tafuta maelezo ya kisheria, uone kama hiyo ahadi iko. Kisha andika, uombe. Mimi peke yangu waliniambia nizime na kuwasha. Tukiwa elfu moja, watatafuta jibu lingine.