Machakos, na Mlango Nilioufunga



Mwezi uliopita nilialikwa kuozesha Machakos. Tuliondoka Mombasa baada ya Alfajiri, tukapita Voi na Mtito Andei, na baada ya Adhuhuri tukauona mji umekaa baina ya vilima. Ni mji mkongwe, wenye jina la Masaku, mkuu wa Wakamba. Waingereza waliufanya kituo chao cha bara kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1899.

Siku ya pili wenyeji wangu walinipeleka Ndalani, katika nchi kavu ya Yatta. Njia nzima ni vumbi jekundu, vichaka vya miiba na punda waliobebeshwa madumu ya maji. Kisha, pasipo kutarajia, ikatokea miti mingi yenye kivuli. Hapo ndipo penye makao ya watoto aliyoyaanzisha Charles Mulli.

Bwana huyu alizaliwa pande hizo mwaka 1949. Alipokuwa na umri wa miaka sita wazazi wake walimwacha, akaishi kwa kuombaomba. Ujanani alikwenda Nairobi kwa miguu kutafuta kazi, na baadaye akatajirika Eldoret kwa magari ya abiria. Siku moja ya mwaka 1986, akiwa Nairobi, vijana wa mitaani walimwomba pesa wamlindie gari lake. Akawakatalia. Aliporudi, gari halipo. Lakini lililomwuma zaidi ya gari ni kwamba vijana wale walikuwa yeye mwenyewe wa zamani, naye aliwapa mgongo. Mwaka 1989 aliacha biashara, yeye na mkewe Esther wakaanza kuwaingiza watoto wa mitaani nyumbani mwao.

Ndalani palikuwa pakame. Miti ile ilipandwa na wao hao walioitwa chokoraa. Humo wamesoma, wamelima, na wamepata wa kumwita baba. Kuna makao mengine huko Yatta ambako wasichana waliozaa wangali wadogo hupokewa pamoja na watoto wao, wakarudishwa masomoni au wakafunzwa ushoni.

Bwana Mulli ni Mkristo, na dini yetu si moja. Lakini uadilifu ni wajibu wetu hata kwa asiyekuwa wetu, na mwenye kutenda jema hudhulumiwa akinyimwa kutajwa nalo.

Nilipokuwa chini ya miti ile nilimkumbuka kijana mmoja. Miaka mingi imepita tangu alipokuja chuoni kwangu baada ya Alasiri, shati limeraruka, ananuka gundi. Alitaka kusoma. Wazazi walinung'unika kwamba atawaharibia watoto wao. Nami, badala ya kuwausia, nilimwambia yule kijana aende akakoge kwanza, arudi akiwa safi.

Akakoge wapi? Sikujiuliza. Hakurudi tena, na jina lake sikulijua.

Kila mwaka huwasomesha wadogo Suratul Maun, ambamo Mwenyezi Mungu anamtaja amsukumaye yatima kuwa ndiye aikadhibishaye dini. Nimeisomesha kwa tajwidi nzuri, na mkono uliomsukuma yatima ulikuwa wangu.

Ndugu zangu, sisi hatukukosa mafundisho. Tuna zaka, tuna sadaka, tuna wakfu, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa yatima. Tulichokosa ni kufungua mlango kabla mtu hajawa safi. Shilingi tunayoidondosha mkononi mwa mtoto msikitini siku ya Ijumaa humshibisha hadi jioni. Usiku anarudi barazani na chupa yake ya gundi.

Nimerudi Mombasa, na chuoni nimetenga pipa la maji, sabuni na mkeka mmoja. Kina mama wenye kanzu na mabuibui yaliyowapungukia watoto wao, tafadhalini waleteni. Na mzazi atakayenung'unika safari hii, nitaketi naye tuzungumze. Atakayekuja ananuka gundi atakoga kwetu, kisha ataanza alifu kama wenziwe.

Wabillahi tawfiq.