Kimbunga kikipita, nani atawauliza polisi?

Mwezi wa sita ukiingia, sisi tunaokaa New Orleans tunaanza kuhesabu: maji ya chupa, betri za tochi, dawa za mwezi mzima, mafuta ya gari. Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kumalizika 30 Novemba, na orodha za kujiandaa hugawiwa msikitini, kanisani, shuleni na kazini. Nimezisoma nyingi. Sijaona hata moja inayojibu swali ambalo mimi, mama wa mtoto mweusi wa kiume, hujiuliza kabla ya mengine yote: umeme ukikatika mji mzima, simu zikafa, na barabarani wakabaki polisi na bunduki zao, nani anawatazama?

Siulizi kwa chuki. Wako polisi wa mji huu waliotoa watu juu ya mapaa kwa mashua huku nyumba zao wenyewe zimezama. Ila swali hili mji wetu umelilipia gharama kubwa, na sisi wageni tuliohamia baadaye tunapaswa kujua bei yake.

Kimbunga Katrina kilipiga tarehe 29 Agosti 2005. Kuta za kuzuia maji zikapasuka, na karibu asilimia 80 ya mji ikaingia majini. Maelfu ya watu walikwama kwenye uwanja wa Superdome na kwenye jumba la mikutano, bila chakula wala choo. Hapo uvumi ukaanza: watoto wanabakwa, watu wanachinjana, majambazi wanadungua helikopta. Mkuu wa polisi mwenyewe na meya waliyarudia maneno hayo mbele ya televisheni. Baadaye ilibainika kwamba sehemu kubwa haikuwa na ushahidi wowote. Lakini polisi waliokuwa hawajalala siku kadhaa walikuwa wameshayasikia, na mtu mwenye hofu na bunduki hahitaji sababu kubwa.

Jumapili ya tarehe 4 Septemba, polisi walisikia kwenye redio kwamba wenzao wanapigwa risasi karibu na daraja la Danziger. Wakapakia kwenye lori la kukodi, wakafika na kuwamiminia risasi watu waliokuwa wakivuka daraja kwa miguu. Ilikuwa familia iliyokuwa ikienda kutafuta mahitaji, na ndugu wawili waliokuwa njiani. Hakuna aliyekuwa na silaha. Wawili walikufa: kijana wa miaka 17, na mwanamume wa miaka 40 mwenye ulemavu wa akili, aliyepigwa risasi mgongoni akikimbia. Wanne wakajeruhiwa vibaya. Kaka wa yule mwenye ulemavu akakamatwa na kusingiziwa kuwa yeye ndiye aliyewafyatulia polisi risasi.

Kilichonitisha zaidi niliposoma habari hii ni yaliyofuata. Polisi walijichunguza wenyewe. Ikatafutwa bastola na kuandikwa kuwa ilipatikana darajani. Wakatungwa mashahidi ambao hawakuwahi kuzaliwa. Na sajini aliyekabidhiwa faili la uchunguzi ndiye aliyekuja kutiwa hatiani kwa kuficha ukweli. Kesi ya jimbo ilifunguliwa, ikafutwa mwaka 2008. Serikali ya shirikisho ikaingia, na mwaka 2011 maofisa watano wakapatikana na hatia. Mwaka 2013 jaji akaifuta hukumu hiyo kwa sababu ya mwenendo mbaya wa waendesha mashtaka. Hatimaye, mwaka 2016, watano hao walikiri makosa na kupewa vifungo vya kati ya miaka 3 na 12. Mwaka huohuo mji ukakubali kulipa dola milioni 13.3 kwa familia za daraja lile na za kesi nyingine mbili, na meya akaomba radhi hadharani. Miaka 11 ilikuwa imepita.

Wasomaji wengi mtasema: si haki ilipatikana mwishoni? Mimi nasema tuangalie ilichelewa wapi. Ilichelewa katika zile wiki za kwanza, wakati maganda ya risasi yalikuwa bado darajani na mashahidi wametawanyika Houston, Atlanta na Baton Rouge, na mtu pekee mwenye kalamu alikuwa polisi. Gharika huondoa kila kitu kinachomfanya mwenye bunduki ajizuie: majirani, taa, mahakama, waandishi, hata kituo chenyewe chenye kumbukumbu. Kwa hiyo jicho la raia haliwezi kuundwa siku ya maji. Likitakiwa siku hiyo, lazima liwe limeshawekwa na sheria wakati jua linawaka.

Mji huu ulijifunza hilo baada ya mazishi. Mwaka 2008 ulipitisha sheria ya kuanzisha ofisi ya Msimamizi Huru wa Polisi, iliyoanza kazi mwaka 2009. Ni ofisi ya kiraia, haimo ndani ya jeshi la polisi. Hupokea malalamiko, hufuatilia jinsi polisi wanavyochunguzana, huhudhuria vikao vya nidhamu, na polisi wakimpiga mtu risasi, watu wake hufika mahali pa tukio. Mwaka 2016 wapiga kura waliitenga ofisi hiyo na kuihakikishia asilimia 0.16 ya mfuko mkuu wa mji kila mwaka. Kifungu hicho kidogo ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mlinzi anayeomba chakula kwa anayemlinda hatabweka.

Tuseme pia mipaka yake. Msimamizi hawezi kumfukuza polisi kazi wala kumfunga. Anaona, anaandika, anapendekeza, anatangaza. Makali mengine yalitoka kwenye makubaliano ya marekebisho kati ya mji na serikali ya shirikisho, yaliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2013. Na kuna mpaka mwingine ambao watu husahau: ofisi hii inasimamia polisi wa New Orleans tu. Siku za maafa huja askari wa kila rangi. Baada ya Katrina walikuwapo wanajeshi, polisi wa majimbo mengine, hata walinzi wa kampuni binafsi wenye bunduki. Na waliowazuia watu kwa silaha wasivuke kwa miguu daraja la mto Mississippi walikuwa wakiongozwa na polisi wa Gretna, mji jirani. Jirani yangu, bibi mwenye zaidi ya miaka 70, huniambia kila msimu: "Binti, usikariri sura tu. Soma kilichoandikwa begani."

Kimbunga Ida kilikuja tarehe 29 Agosti 2021, tarehe ileile ya Katrina, miaka 16 baadaye. Safari hii kuta zilishika, lakini umeme ukazimika mji mzima. Baada ya siku mbili meya akatangaza kafyu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mume wangu anafanya kazi ya usiku hospitalini. Kafyu haikuwahusu wafanyakazi kama yeye, lakini kafyu ya kwenye karatasi na ile ya kwenye kona yenye giza ni vitu viwili. Kila jioni alitoka na kitambulisho kimening'inia shingoni, nami nikakaa barazani na simu yenye chaji ya kuhesabu.

Mwanangu alikuwa na miaka 17 mwaka huo. Nyumba ilikuwa tanuri, na insulini ya jirani yetu ilihitaji barafu. Saa moja na nusu akasimama mlangoni na ndoo.

"Mama, nakwenda mara moja tu. Kuna mtu mtaa wa pili ana jenereta."

"Kaa kwanza," nikamwambia, na hapo nikamsimulia habari ya daraja. Akanyamaza. Kisha akauliza kama wanavyouliza watoto waliosomea hapa, bila kuzunguka: "Kwa hiyo ikinitokea mimi leo, nani atakuja kuangalia, ukiacha polisi wenyewe?"

Nilishukuru kuwa na jibu. Nikamtajia ofisi, kazi yake, na sheria iliyoiweka. Halafu tukaenda wote wawili, tukarudi na barafu kabla ya saa mbili. Hakuna kilichotokea usiku ule, wala usiku wowote katika zile siku za giza. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya ofisi fulani. Nasema kuna tofauti kati ya kumwambia mtoto "Mungu atatulinda" na kumwambia "Mungu atatulinda, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuuliza."

Wenzetu wa Kenya wanaijua tofauti hiyo. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, nchi ilipitisha sheria ya mwaka 2011 iliyoanzisha IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Machi 2020, kafyu ya korona ilipoanza, polisi walirusha mabomu ya machozi kwa abiria wa kivuko cha Likoni, na siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 akauawa kwa risasi akiwa barazani kwao Nairobi. IPOA ilichunguza, na polisi mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Kushtakiwa hakumrudishi mtoto. Lakini faili halikubaki mezani kwa polisi wenyewe.

Sasa niseme na nyinyi mnaoishi Houston, Minneapolis, Birmingham au kwingineko. Sisi wahamiaji tuna tabia ya kumeza. Tunasema tumekuja kutafuta riziki, si kutafuta maneno. Wengine wanaogopa karatasi zao. Basi fanyeni jambo dogo kabla ya maafa: ulizeni kama mji wenu una ofisi ya raia inayosimamia polisi, na inapokeaje malalamiko. Hapa kwetu si lazima uwe raia wa Marekani kulalamika, wala si lazima uwe wewe uliyetendewa. Andikeni namba hiyo kwenye karatasi, maana simu itakufa. Wafundisheni watoto kusoma jina la idara begani, na kukumbuka saa na kona ya barabara.

Na bajeti ya mji inapojadiliwa, nenda ukakae hata kiti cha nyuma. Mwaka jana nilikwenda na mwanangu, ambaye sasa ni mtu mzima. Ukumbi ulikuwa nusu mtupu, hali ya hewa nzuri, hakuna aliyefikiria kimbunga. Akaniuliza mbona hatusemi kitu. Nikamwambia mwaka huu tumekuja wahesabu vichwa waone viwili zaidi, na mwakani zamu ya kusimama mbele ya kipaza sauti ni yake.