Feza ya karatasi

Katika Kiswahili fedha ni madini, na fedha ni pesa. Huku Lubumbashi tunatamka feza, na yale madini wengi tumeyasahau. Kuna karatasi ya Kimarekani inayotukumbusha: dola yenye muhuri wa buluu. Imeandikwa kwamba dola moja ya madini hayo imewekwa katika hazina ya nchi, na mwenye kuileta noti atalipwa. Ahadi hiyo ilikoma Juni 1968. Noti ingali halali, ila kwa dola moja tu.

Mjomba aliikuta moja kati ya makaratasi ya marehemu babu. Alikuwa amesikia kwamba wakusanyaji hununua noti kuukuu kwa bei ya kutisha, na minervali ya watoto wake wawili ilikuwa haijalipwa. "Wewe unasoma luga," akaniambia, "basi utusomee hii."

Mtu huanza na ukubwa. Noti zilizotolewa kabla ya 1929 ni pana, karibu milimita 189 kwa 79, hata zikaitwa blanketi za farasi. Hii ilikuwa ndogo kama za leo. Mwaka ulioandikwa, 1957, ni wa toleo, si lazima wa kuchapwa. Saini mbili, ya mweka hazina na ya waziri, ndizo zinazotenganisha 1957 na 1957A, kama sauti moja inavyotenganisha pata na bata. Nikatafuta nyota kando ya namba, alama ya noti iliyochapwa kufidia iliyoharibika. Haikuwapo.

Uzee peke yake hauleti bei. Noti ya dola 1,000 ya 1890, ambayo sifuri zake zinafanana na matikiti maji, iliuzwa mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni tatu, kwa sababu zilizobaki zinahesabika. Za 1957 zimejaa. Iliyochakaa kama ya mjomba hupita dola moja kwa kidogo sana. Kumwambia hivyo kulinichukua siku mbili.

Akataka angalau kuifua na kuipiga pasi, maana wabadilisha feza wetu hukataa dola yenye mpasuko wa ukucha. Nilimzuia. Mkusanyaji husamehe mkunjo kuliko sabuni: noti iliyofuliwa hulegea, wino hufifia, na jicho lililozoea huona mara moja. Tuliiacha na mikunjo ya babu.