Katwe, Mtaa wa Moto na Chuma

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Kampala kuelekea kusini, akisha kupita eneo la Mnara wa Saa, huisikia Katwe kabla ya kuiona. Nyundo hugonga, misumeno ya chuma hulia, na katika vibanda vilivyobanana humetameta mwanga wa mafundi wa kuchomelea. Mtaa huu uko chini ya kilima cha Mengo, jirani na kasri ya Kabaka. Hapa hutengenezwa mageti, vitanda, majiko na mashine za kusaga mahindi; na hapa pia huuzwa mashine kuukuu za kuchomelea.

Wanaozitafuta mashine hizo si mafundi wa mtaa peke yao. Askari anayekaribia kustaafu, polisi mwenye kijana aliyemaliza shule ya ufundi, na mama atakaye karakana nyuma ya nyumba, wote huja na akiba ya miaka mingi. Kwa hiyo yafaa, ndugu msomaji, tuitazame Katwe kwa jicho la mnunuzi, maana rahisi inavunja upishi.

Mashine ni za aina tatu. Kuna transfoma nzito zilizotoka ng'ambo, zilizokwisha tumika huko. Kuna transfoma zilizosukwa na mafundi wenyewe. Tena kuna inveta, nyepesi kiasi cha kubebwa begani. Transfoma hutengenezeka kwa urahisi ikiharibika. Inveta huvuta umeme kidogo zaidi, lakini vumbi na maji ni adui zake, na sehemu zake za ndani zikiungua matengenezo huwa ghali.

Jambo la kwanza si bei, bali umeme wa nyumbani. Soma kibati cha maelezo kilicho juu ya mashine. Iliyoandikwa volti 415 pekee yahitaji umeme wa fezi tatu, hali nyumba nyingi zina fezi moja ya volti 240. Plagi ya kawaida ya pini tatu hustahimili ampea 13 tu. Mashine ivutayo ampea 30 yataka waya wake mnene na swichi yake, vilivyofungwa na fundi umeme aliyehitimu. Pasipo hivyo, waya huchemka ndani ya ukuta, na nyumba yaweza kuwaka.

Kibati hicho pia hueleza muda wa kazi. Asilimia 60 kwa ampea 100 maana yake ni kwamba katika kila dakika 10, mashine ichomelee 6 na ipumzike 4. Kwa madirisha na mageti mepesi, kijiti cha milimita 2.5 huhitaji ampea 60 hadi 90 hivi. Cha milimita 3.2 huhitaji 90 hadi 130. Mwenye kazi hizo hana haja ya dude kubwa.

Mashine isiyo na kibati ipimwe kwa mita: kabla kijiti hakijagusa chuma, volti zisizidi 80, na sanduku lenyewe lisiwe na umeme. Kisha ifunguliwe ikiwa imezimwa. Harufu ya kuungua na nyaya zilizogeuka nyeusi ni dalili mbaya. Mwisho, ichomelee vijiti vitatu kamili mfululizo mbele yako; cheche moja haithibitishi kitu.

Ukiridhika, dai hati ya mauzo yenye jina la muuzaji na namba ya mashine, usije ukashikwa na mali ya wizi.

Nayo familia ikumbukwe. Mafundi kadhaa wa mtaani huvaa miwani ya jua tu, nayo haitoshi. Kioo cha kinga kiwe namba 10 au 11. Mwanga huo huumiza macho saa kadhaa baadaye, yakawasha kama yenye mchanga. Karakana ya nyumbani iwe na pazia zito, na watoto wakae mbali fundi anapofanya kazi.