Mkuku wa Mikono 11

Mjomba wangu alikuwa fundi wa vyombo kisiwani Chole, Mafia, na hakuwahi kuzungumzia bei na mteja kabla ya kumuuliza swali moja: "Watu wangapi?" Utotoni nilidhani anauliza abiria. Mwaka 1983 Baba alipokwenda kumwagiza mashua, nilimfuata nyuma nimebeba kikapu cha maandazi ya mafundi. Swali likaja kama kawaida: "Watu wangapi, shemeji?" Baba akahesabu kwa vidole: kaka zangu watatu, mdogo wake, kijana wa jirani, na yeye mwenyewe. "Sita." Mjomba akachukua kamba, akapima mkuku wa mikono 18.

Mkono ni dhiraa, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, kwa hiyo mashua yetu ilikuwa na mkuku wa kama mita 8. Hapakuwa na mchoro wala karatasi. Palikuwa na tezo, msumeno, keekee na jicho la Mjomba. Mbao zilikuwa za mvule, na mataruma yalikuwa ya mkomafi uliojipinda wenyewe huko mikokoni. Mti uliopinda tangu kukua, alinieleza, nyuzi zake zimepinda nao. Ukichonga pindo katika gogo lililonyooka unazikata nyuzi, na hapo ndipo chombo kitakapovunjika.

Kabla ya hapo tulikuwa na ngalawa ya babu, gogo la mwembe lenye ndubi huku na huku. Watu wawili waliitosha, na alfajiri ikiwa shwari mmoja pia aliitosha. Tuliiuza kwa furaha, na sikumbuki hata ilichukuliwa na nani. Baba alitaka kupeleka nazi Dar es Salaam, na ngalawa haibebi magunia.

Siku ya kuishua mashua, pwani ilijaa. Mama alifukiza ubani, kisomo kikasomwa, halua ikaliwa, kisha wanaume wakaishika pande zote mbili huku mmoja akiwaimbisha. Niliona chombo kizito kama nyumba kikiteleza juu ya magogo mpaka majini, na nikaamini kuwa watu watakuwapo sikuzote.

Safari ya Dar es Salaam ilikuwa ya kusi: upepo nyuma, tanga la maradufu limejaa, magunia mpaka karibu na ukingo. Kurudi ndiko kulikokuwa kazi, kwa kuwa ilibidi kubisha. Kwa chombo cha foromali moja ndefu, kugeuza tanga ni kuisimamisha foromali wima, kuipitisha mbele ya mlingoti na kuishusha upande wa pili, na wakati huo tanga linapigapiga na mashua inayumba. Kaka zangu waliifanya kazi hiyo usiku, gizani, kwa kuitana majina tu. Watu sita walitosha barabara. Wanne wangepata taabu.

Chole yenyewe inalijua jambo hili la ukubwa wa vyombo. Wajerumani waliweka hapo makao yao ya utawala wa Mafia, na magofu yao yapo hadi leo, yamekumbatiwa na mizizi ya miti. Mwaka 1913 walihamia Kilindoni, kwenye kina cha kutosha meli za moshi. Ghuba yetu haikupungua maji hata kidogo. Vyombo ndivyo vilivyokua.

Kwetu hali ilibadilika polepole. Kaka mkubwa alienda Dar es Salaam kutafuta kazi ya miezi mitatu, akaoa huko. Wa pili akamfuata, kisha wa tatu. Nazi ikawa haina faida. Baba akageukia uvuvi, lakini Hifadhi ya Bahari ilipoanzishwa mwaka 1995, nyavu za kukokota, zile zinazotaka watu wengi na chombo kikubwa, hazikuwa na nafasi tena ghubani. Akaajiri vijana kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, mengine wagawane. Bahari ikitoa, wanakuja. Isipotoa wiki mbili, wanahamia boti zenye mashine.

Mashua ikaanza kulala mchangani. Chombo cha mbao kisicholowa huumia kuliko kinachofanya kazi. Jua hukausha mbao, mbao husinyaa, pamba ya kalafati hulegea na kutoka, na siku ukikirudisha majini kinakunywa. Kila bamvua ilipaswa kuvutwa juu, ikwanguliwe, ichomwe tumbo kwa makuti, ipakwe shahamu na chokaa. Kazi hiyo ilitaka watu tisa, na Baba alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba. Nahodha aliyewahi kuitwa na watu sasa alisimama milangoni mwao akisubiri wamalize chai. Hilo liliniuma kuliko mashua yenyewe.

Baba alipofariki tulibaki wawili, mimi na mdogo wangu wa mwisho, ambaye huvua kwa mshipi na madema. Mimi ni mwalimu wa hesabu, lakini miaka minne mizima nilikataa kuhesabu. Kisha usiku mmoja wa kusi kali maji yaliikuta mashua mahali pabaya, na watu wa kuivuta hawakupatikana. Ililala ubavu juu ya jiwe, ubao ukapasuka. Asubuhi mdogo wangu alikaa kando yake bila kusema neno. Nikampigia simu dalali wa Kilindoni.

Walikuja wateja watatu. Wa kwanza alitaka kukata shetri aweke mashine, nikamwambia haiuzwi. Wa pili alipiga bei ya kuni. Wa tatu alitoka Nyamisati, ng'ambo, mtu mzima wa maneno machache. Aliingia mpaka ngamani na kisu, akawa anagonga ubao mmoja mmoja kwa mpini na kutega sikio, kwani ubao mzima hulia na uliooza huwa bubu. Mbao tatu zilikuwa bubu. Alitoka amelowa magoti, akaniambia, "Mimi nina vijana saba, mwalimu." Bei tuliyopanga ikanitoka kichwani. Nikapokea aliyoitaja, pungufu kwa robo, na sijajuta hata siku moja. Vijana wake walipoipitisha foromali mbele ya mlingoti pale ghubani, mdogo wangu aligeuka akaenda nyumbani.

Kwa fedha ile nikaenda Chole kuagiza dau. Mjomba hayupo tena. Tezo anaishika mwanawe. "Watu wangapi, dada?"

"Wawili."

"Basi mikono 11."

Nikamwambia nataka 14, fedha ipo. Akanikumbusha hesabu ninayowafundisha watoto wa watu. Mkuku wa 18 haufiki mara mbili ya ule wa 11, lakini chombo kinapokua hakirefuki tu. Kinapanuka na kuongezeka kina, hata uzito ukapita mara nne. Tanga nalo linakua, na foromali, na nanga. Nani ataivuta nanga hiyo? Nikasema huenda kaka mmoja akarudi.

"Atarudi lini?"

Nilitazama maji. Yalikuwa yanakupwa, na wanawake wa Chole walikuwa wameshaanza kushuka na vijiti vyao kutafuta pweza.

Mkuku aliokuwa nao tayari ulikuwa wa mikono 12, mvule mzuri, mwekundu. Nikamwomba auache hivyo hivyo, mkono mmoja ni nini? Hakubishana nami. Aliupima tena kwa mkono wake mwenyewe, akaweka alama ya mkaa, akaukata mbele yangu, kisha akanipa kile kipande nikiwa nimesimama. Nimekiweka jikoni. Kinazuia mlango usipigwe na upepo wa kusi, na watoto hukikalia wakimenya mihogo.